Mizani ya Dhansara

Mara ya kwanza nilikufungia mlango.
Mara ya pili nikakufungulia mbwa.
Mara ya tatu mbwa alikuwa ameshakuzoea,
akakusindikiza hadi kizingitini akitikisa mkia,
nami nikaona haya mbele ya mbwa wangu mwenyewe.

Ulikuwa na begi la buluu lililopauka,
viatu vya mpira, kimoja kimeshonwa kwa waya,
na daftari lenye majina ya nyumba sitini na mbili
zilizotapakaa juu ya mto Karnali kama mbuzi wasio na mchungaji.
Ukasema, "Lalbir, mkeo ana mimba ya miezi sita.
Sikupanda huku kunywa chai."
Chai ukainywa hata hivyo, vikombe viwili.

Mimi ni mtu wa nyumbu. Napandisha mchele, nashusha tufaha.
Gunia nalijua uzito wake kwa kulitupia jicho.
Uzito wa mtoto sikuujua.

Ukaingia mwezi wa Magh, theluji ikafika magotini.
Mama yangu akasema desturi ni desturi:
mzazi hukaa zizini siku kumi na moja,
mbali na jiko, mbali na miungu.
Nikampeleka Bishnukala kwa mikono yangu hii,
nikamtandikia majani makavu ubavuni mwa ng'ombe,
nikarudi ndani kuota moto.
Hapa sitaki kupapamba.
Nilirudi ndani kuota moto.

Nani alikupa habari? Hadi leo sijui.
Mwendo wa saa tatu, gizani, tochi umeiuma kwa meno.
Ulitupita mimi na mama kana kwamba sisi ni nguzo za nyumba,
ukatwaa sufuria yetu bila kuomba,
ukachemsha maji, ukatoa wembe mpya, uzi, dawa ya kitovu.
Nikakusikia kupitia ukuta wa mawe:
"Sukuma, dada. Tena. Hivyo hivyo."
Kisha kimya.
Kisha kimya kingine, kirefu kuliko bonde.
Kisha kilio chembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Kulipopambazuka ukawaingiza wote wawili ndani.
Mama yangu akafungua kinywa. Ukamtazama.
Akakifunga, akaongeza kuni.

Ukamtundika binti yangu kwenye mizani yako ya ndoano,
juu ya boriti niliyoichonga mwenyewe.
Mshale ukatetema, ukatulia:
kilo moja na gramu mia tisa.
"Vua koti," ukaniambia. Mimi! "Vua na shati.
Mama yake amechoka. Joto lako litamtosha."
Siku tisa nilimvaa mwanangu kama fulana.

Nilipokuletea jogoo ulicheka, ukasema nimfuge.
Nilidhani serikali inakulipa.
Mumeo ndiye aliyenijuza, siku ya mnada wa kondoo:
sare moja, nauli ya semina, basi.
Shamba lako la shayiri linapaliliwa usiku
kwa sababu mchana uko kwenye milango yetu.

Wajuzi husema shairi halisimami bila mizani.
Mizani hiyo wanayohesabu kwa vidole siijui.
Niijuayo ni ile yako, ya bati, yenye kutu mgongoni,
iliyomwambia mwanamume mzima mbele ya mkewe
kwamba alikuwa amepungukiwa.

Sasa Sirjana ana miaka minne, kilo kumi na tatu na nusu.
Wiki iliyopita aliing'ang'ania ndoano, akakataa kushuka.
Nikakuona ukishika goti ulipoinama kumbembeleza.
Hukusema kitu. Goti lilisema.

Mvua zimeibomoa njia ya chini, ile ya mkato.
Kwa hiyo Jumanne usibebe begi.
Nyumbu mweupe atakungoja darajani,
matandiko nimeyatia sufi.
Ana kiburi kidogo, mpige kofi shingoni tu.
Mbwa naye atakuja. Huyo hahitaji kuagizwa.